Begi la askari na haki ya forodha

Katika mtaa wa Batsinda, wilayani Gasabo, upande wa kaskazini wa jiji la Kigali, wanakaa pamoja watu wa kazi mbalimbali: wenye maduka madogo, mafundi, madereva, na familia za askari ambao baba zao wako kazini mipakani au katika nchi za mbali. Mwenye duka na askari ni majirani, na watoto wao husoma shule moja. Ndiyo sababu suala la ushuru wa forodha, ambalo wengi hulidhania kuwa la matajiri na makampuni, linamhusu kila mlinzi wa usalama, kwanza akiwa msafiri na pili akiwa msimamizi wa sheria.

Ni vema tuanze na sheria yenyewe. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu Julai 2009 imekuwa ikitumia taratibu za Umoja wa Forodha wa Jumuiya hiyo. Sheria inayotumika ni ile ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, ambayo ni moja kwa nchi wanachama. Kwa hiyo, mambo ya msingi anayoulizwa abiria katika uwanja wa ndege wa Kanombe ndiyo anayoulizwa mwenziwe anayeshuka Entebbe au Dar es Salaam.

Sheria hiyo inamtambua msafiri kuwa ni binadamu mwenye mahitaji. Nguo zake na vyombo vyake alivyokwisha kuvitumia havitozwi ushuru. Aliyetimiza umri wa miaka 18 anaruhusiwa pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili. Marashi na maji ya manukato yasiyozidi nusu lita kwa jumla, na katika hiyo marashi yenyewe yasizidi robo lita. Tena sigara na tumbaku ya kila namna isiyozidi gramu 250. Kwa bidhaa nyinginezo, sheria ilipotungwa iliweka kiwango cha thamani ya dola 300 za Marekani, kwa sharti kwamba msafiri amekuwa nje ya nchi za Jumuiya kwa zaidi ya saa 24 na kwamba amevitaja vitu hivyo mbele ya afisa. Viwango vya namna hii hurekebishwa kwa Gazeti Rasmi la Jumuiya, hasa mwisho wa mwezi wa Juni kila mwaka. Askari wa mpakani asitegemee kumbukumbu ya mwaka jana.

Msomaji aangalie neno moja linalobeba uzito wote: si vitu vya kuuza. Simu moja ya matumizi ni mzigo wa abiria. Simu kumi na mbili zilizofichwa katikati ya soksi ni biashara, hata kama mwenye begi ana kitambulisho cha jeshi.

Hapa ndipo penye kosa la fikra linalofaa kusahihishwa. Wako askari wanaoamini kwamba sare ni msamaha. Ni kweli kwamba sheria inayasamehe ushuru majeshi ya nchi wanachama kwa vifaa, mitambo na magari. Lakini inasema wazi kwamba ni kwa matumizi rasmi ya majeshi hayo. Msamaha huo ni wa kikosi. Rwanda imekuwa ikipeleka askari wake katika kazi ya kulinda amani tangu walipokwenda Darfur mwaka 2004, na maelfu wamekwenda na kurudi. Zana za kikosi zinazorudi nao ni mali ya Serikali. Luninga aliyoinunua koplo kwa posho yake ni mali ya koplo, nayo hupimwa kwa kipimo kile kile cha raia yeyote.

Kosa la pili linahusu nchi za jirani. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na kutimiza masharti ya asili yake haitozwi ushuru wa forodha, na mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za namna hiyo zisizozidi dola 2,000 anaweza kupewa hati nyepesi ya asili hapo hapo mpakani. Lakini redio iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Kampala. Isitoshe, kodi za ndani, kama ile ya ongezeko la thamani, ni jambo jingine na hubaki palepale.

Je, kuna hasara gani mtu mmoja akipita bila kulipa? Na tufanye hesabu. Mwenye duka wa Batsinda anaagiza bidhaa za dola 1,000 zilizo katika daraja la asilimia 25. Ushuru ni dola 250. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya 1,250, yaani dola 225. Amelipa 475, bila kuhesabu tozo nyingine ndogo. Anayeleta bidhaa hizo hizo kwa njia ya magendo anaweza kupunguza bei mpaka duka la jirani yake lifungwe. Hazina nayo imekosa fedha, na katika Hazina hiyo hiyo ndimo unamotoka mshahara wa askari aliyefumba macho.

Funzo kubwa zaidi linatoka Tanzania. Kwa miaka mingi wanajeshi na polisi wa nchi hiyo walikuwa na maduka yao ya bidhaa zilizosamehewa kodi. Katika bajeti ya mwaka 2016/17 Serikali iliuondoa msamaha huo na kuweka posho ya fedha badala yake, kwa kuwa ulikuwa ukitumiwa vibaya na kuwanufaisha wasiohusika. Wachache waliuza nafuu ya wenzao, na aliyenunua mabati kwa uaminifu ili ajenge nyumba yake akaipoteza pamoja nao. Rwanda nayo ina maduka ya vikosi, yajulikanayo kwa jina la AFOS. Walio na nafuu kama hiyo wajue kwamba mlinzi wake wa kwanza ni wao wenyewe.

Kwa upande wa polisi, wajibu ni mzito zaidi. Sheria humpa afisa wa forodha awapo kazini mamlaka na kinga za askari polisi. Kwa hiyo hao wawili ni ndugu wa kazi moja, na asiwepo wa kumtisha mwenziwe kwa cheo. Hapo mpakani mtihani haukomi kwenye ushuru. Tangu mwaka 2008 sheria ya Rwanda inakataza mifuko ya plastiki, na msafiri hunyang'anywa hata kama hajui. Mwaka 2016 ushuru wa mitumba ulipandishwa kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na tofauti kubwa kama hiyo ndiyo inayozaa vishawishi vya magendo. Afaa afisa aeleze sheria kwa heshima, ataje kiasi, atoe stakabadhi. Mama mwenye kikapu asipewe ukali ambao bwana mwenye gari kubwa hakupewa.

Kwa askari anayesafiri, kanuni ni nyepesi: ataje alichobeba kabla hajaulizwa, aweke risiti zake karibu, na asikubali kumbebea mtu mzigo asioujua. Cheo chake kimpe sababu ya kufungua begi mapema kuliko wengine, maana raia walio nyuma yake katika mstari wanamtazama.