Picha na Daftari

Siku ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alisimama mbele ya wafanyakazi waliokusanyika mjini Mwanza, akatangaza kwamba tozo ya asilimia 6, iliyotozwa kila mwaka kwa madhumuni ya kulinda thamani ya mikopo ya elimu ya juu, itaondolewa. Picha za video za tangazo hilo zilienea katika simu za mkononi. Waliokuwa mbali na Mwanza walilisikia neno lenyewe kutoka kinywani mwa aliyelisema, wakasikia na shangwe za wenzao. Hilo ni jambo jema, wala hakuna kalamu iwezayo kushindana nalo.

Lakini mwisho wa mwezi mfanyakazi hatazami shangwe. Hutazama hati yake ya mshahara. Na humo makato yalibaki yale yale ya asilimia 15, yaliyopandishwa kutoka asilimia 8 kwa sheria ya mwaka 2016. Aliyeiona picha peke yake alikuwa na haki ya kuuliza: Je, tumedanganywa?

Hapana, hakudanganywa. Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye mshahara wa Sh. 600,000 na deni la Sh. 8,000,000. Alikatwa Sh. 90,000 kwa mwezi, yaani Sh. 1,080,000 kwa mwaka. Tozo ya asilimia 6 juu ya deni hilo ilikuwa Sh. 480,000. Basi karibu nusu ya fedha aliyokatwa ilimezwa na tozo, na deni likapungua kwa Sh. 600,000 tu. Tozo ilipofutwa, makato yake hayakupungua hata senti moja, lakini fedha yote ikaanza kupunguza deni. Nafuu hiyo ni kubwa, ila haionekani kwa kutazama. Huonekana kwa kuhesabu. Na hesabu haikai katika picha ipitayo kwa nusu dakika.

Kwa hiyo sisi tulio katika kazi ya habari tuna wajibu ulio wazi. Tunapotangaza mageuzi ya elimu ya juu katika intaneti, picha na maandishi hayana budi kukaa pamoja, katika ukurasa mmoja, kila kimoja kikifanya kazi yake. Picha ioneshe nani alisema, wapi na kwa maneno gani, bila ya kukatwa hata maana ikapotea. Maandishi yaeleze lipi limebadilika, lipi halikubadilika, linaanza lini na linamhusu nani. Ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa, kwa mfano, nayo ilifutwa mwaka 2021. Lakini ni jambo jingine, na asiyeelezwa atayachanganya yote mawili.

Tena maneno yaliyosemwa yaandikwe chini ya picha, ili asiyesikia naye apate habari, na aliye karakanani penye kelele asikose. Na mwenye fedha kidogo ya intaneti, asiyeweza kufungua video, maandishi yatamfikia kwa gharama ndogo.

Wako wasemao kwamba watu siku hizi hawapendi kusoma. Hatukubaliani nao. Mzazi ambaye mtoto wake anaomba mkopo atasoma masharti mara tatu. Mfanyakazi anayekatwa mshahara atasoma hesabu mpaka aielewe. Wanachokosa si hamu ya kusoma, bali maandishi yanayosema nao waziwazi.

Wazee wetu walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Deni nalo ni vivyo hivyo. Tuwape wafanyakazi picha waione, na daftari walikague. Atakayepewa picha tu atashangilia leo, na kesho atashuku hata jema alilotendewa.