Uko tayari? Jibu langu kwa meseji zenu

Najua nimeadimika. Sisi wabeba boksi wa huku DMV (ndivyo tunavyoita Washington, D.C. pamoja na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia) tunaishi kwa ratiba ya kazi, na mimi zamu za usiku zimenibana vibaya. Lakini nipo, mzima wa afya, namshukuru Mungu.

Leo nataka kujibu meseji zenu. Mmenitumia video nyingi zinazouliza swali moja: uko tayari? Siku za mwisho zimefika! Shangazi yangu mmoja (shikamoo shangazi) kaniongezea na tarehe kabisa. Nawapenda, na swali lenyewe ni zuri. Ila tarehe, jamani, hapana. Mathayo 24 imeshasema kwamba siku hiyo na saa hiyo hakuna mtu aijuaye. Huku Marekani mhubiri wa redio Harold Camping alitangaza hukumu kuwa tarehe 21 Mei 2011, mabango yakawekwa mpaka barabarani. Siku ikapita, akaisogeza hadi Oktoba, nayo ikapita. Huko kwetu ikawa mbaya zaidi. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya watu waliangamia. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wadogo, baada ya waumini kuaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Wote hao waliambiwa wanajiandaa. Kwa hiyo swali si kujiandaa tu, ni kujiandaa vipi.

Niwaambie kitu cha kazini. Wodini kwetu kuna toroli la dharura: dawa, mipira ya kupumulia, mtungi wa oksijeni, mashine ya kushtua moyo. Kila siku nesi analikagua, anaijaribu mashine, anatazama mtungi, anatia sahihi. Mara nyingi toroli hilo linakaa wiki nzima bila kuguswa. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa yoyote. Usiku mmoja, miaka yangu ya mwanzo, nilikuwa nimechoka sana nikatia sahihi bila kukagua. Saa tisa usiku dhamiri ikanisuta, nikarudi kuangalia. Mtungi ulikuwa karibu mtupu! Nikaubadilisha, na namshukuru Mungu usiku ule hakuna mgonjwa aliyezimika. Lakini sijasahau: sahihi ilikuwepo, oksijeni haikuwepo.

Ndiyo maana habari ya wanawali kumi, Mathayo 25, mimi naisoma kinesi. Taa walikuwa nazo wote kumi. Na wote kumi walisinzia, hata wale wenye busara. Hakuna aliyelaumiwa kwa kulala. Tofauti ilikuwa mafuta tu, na waliokuwa nayo waliyachukua mapema, wakati hakuna aliyekuwa na haraka. Halafu someni sura hiyo hiyo inaishia wapi: kwa wenye njaa, wageni, wagonjwa na wafungwa. Hakuna anayeulizwa tarehe.

Sasa nije kwangu, nisije nikawahubiria wengine. Jumatano tarehe 29 Januari 2025 nilikuwa zamu ya usiku. Kama saa tatu kasoro, ndege ya abiria iliyotoka Wichita, Kansas, ikiwa inakaribia kutua uwanja wa Reagan, iligongana na helikopta ya jeshi, zikaangukia Mto Potomac. Watu 67, hakupona hata mmoja. Usiku kucha kila nilipopita mbele ya luninga nilikuwa nawawaza wale waliokwenda uwanjani kupokea watu wao. Zilikuwa zimebaki dakika chache tu...

Na mimi nilikuwa sijaongea na kaka yangu tangu 2023. Wengi mnajua, ni zile hela za kiwanja na saruji. Nilikuwa nasali kila siku, zaka natoa, kwaya naimba. Ungeniuliza kama niko tayari ningekujibu amina bila kusita. Sahihi ilikuwepo.

Asubuhi ile saa moja nilipotoka kazini nilikaa ndani ya gari pale maegesho. Kwenu ilikuwa saa tisa mchana. Nikampigia. Hakupokea. Nikasema moyoni, basi, mimi nimetimiza wajibu wangu. Halafu nikajiona navyojidanganya, nikapiga tena. Akapokea, na neno lake la kwanza likawa, "Kuna msiba?" Yaani simu ya dada yake wa damu imekuwa ya msiba tu! Hapo ndipo nilipolia.

Sikumwambia kwamba hakukosea. Alikosea, hela hazijarudi, na sidhani kama zitarudi. Nilimwambia simdai tena, na nikamwomba radhi kwa maneno niliyomtamkia mbele ya mama. (Ameniruhusu kuandika haya.) Kama ningengoja likizo, au ningengoja hasira ziishe zenyewe, mpaka leo ningekuwa nangoja.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu: kuwa tayari ni ukaguzi wa kila siku, wa mambo madogo. Nani sijamsamehe? Nani ananidai? Mgonjwa gani sijamjulia hali? Sala yangu ya leo ni sala, au ni sahihi tu? Kuomba na kufunga siyapuuzi hata kidogo, ndiyo yaliyonipa nguvu ya kupiga simu ya pili. Na wenzangu wa ughaibuni, tuache ule wimbo wetu wa "nitatulia na Mungu nikipata makaratasi", "nitarudi kanisani nikimaliza mkopo". Makaratasi mnapata, kisha mnatafuta nyumba.

La mwisho, na wazee wangu msiseme nawaletea uchuro. Huku, kwa sheria ya mwaka 1990, hospitali nyingi lazima zimuulize mgonjwa anayelazwa kama ameandika wosia wa matibabu: akishindwa kusema, nani amsemee, na afanyiwe nini. Waafrika wengi tunaliruka swali hilo kwa kusema "Mungu anajua". Ni kweli anajua, lakini daktari hajui. Nimeona watoto wa baba mmoja wakigombana kando ya kitanda kwa sababu mzee hakusema mapema. Imani haikatazi kusema. Mimi wangu nimeuandika, na nakala moja anayo kaka.

Basi shangazi, jibu langu ndilo hilo. Tarehe siijui. Leo nimekagua, kesho nitakagua tena, na siku nyingine nitashindwa, mniombee. Badala ya kunitumia video nyingine, jioni hii kampigie yule jirani mliyenuniana kuhusu mpaka wa shamba. Asipopokea, piga tena.

Msalimieni mama. Nawapenda sana, mbarikiwe!