Tumemcheka Nyumbu Kabla Hajakimbia

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Ruangwa kwa mjomba. Gari lake nimelikuta limepandishwa juu ya mawe chini ya mwembe, matairi hayapo, kuku wanatagia siti ya nyuma. Ni gari la Kijapani, limetumika huko kwao miaka mingi kabla ya kuletwa. Mjomba alilinunua Dar kwa pesa za korosho za misimu miwili, kwa wakala aliyemwonesha dashibodi inayosoma kilometa elfu sitini na kitu. Fundi wa Nachingwea alipolifungua alicheka tu. "Mzee, hii wameirudisha nyuma." Gia boksi ikafa kabla msimu mwingine haujafika.

Na bado mjomba ananiambia: "Mpwa wangu, Mjapani ni Mjapani. Hilo Nyumbu lenu lingefika hata Nanganga?"

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira yenyewe haijaisha, ndiyo maana naandika.

Kwa wadogo zangu wasiolijua, Nyumbu ni lori lililobuniwa na shirika la jeshi pale Kibaha, miaka ya 1980. Nikamuuliza mjomba: umewahi kulipanda? Hapana. Kulikodi libebe korosho? Hapana. Anamjua mtu aliyewahi? Hapana pia. Sasa huo ubovu wake ameujulia wapi? Sisemi lilikuwa lori zuri, huenda lilikuwa bovu kweli. Ila gari huwezi kulijua ubovu wake mpaka libebe mzigo, likwame, fundi alilaani, kiwanda kisikie laana hiyo na kurekebisha. Sisi tumeruka hatua zote tukaenda moja kwa moja kwenye kicheko.

Wajapani wenyewe walichekwa. Mwaka 1957 Toyota walipeleka gari lao la Crown Marekani. Kwenye barabara kuu za kule lilihema, injini inachemka, na baada ya miaka michache wakaliondoa sokoni. Lakini nyumbani kwao lilikuwa na wanunuzi, wenye teksi wakiwemo, kwa hiyo walikuwa na pa kurudi kujifunzia. Kenya walipozindua Nyayo mwaka 1990, nani alikuwa anamsubiri dukani? Na Mobius, waliojaribu gari imara la barabara mbovu kama zetu, mwaka 2024 walitangaza kufunga, madeni na kodi shingoni, mpaka akatokea mwekezaji mwingine. Angalia msafara wowote wa kiongozi wa ukanda huu, uhesabu yaliyoundwa huku. Utamaliza haraka.

Halafu eti cha nje ndiyo bora! Nachingwea ndiyo ya mwisho kuamini hilo. Ilikuwa moja ya vituo vitatu vya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yametolewa Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Ardhi yetu iliyatafuna. Kufika 1951 mradi umekufa, na baadaye hata reli ya kwenda Mtwara ikang'olewa.

Kinachoitwa uimara wa Mjapani huku kwetu, nusu yake ni kazi ya fundi aliyelala chini ya gari. Anaongeza jani la springi, anachomelea chesisi, anachonga bushi kwa tairi kuukuu. Sifa inakwenda Nagoya, yeye anabaki na oili kwenye shati.

Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi ndilo lililoitwa kusomba mzigo. Jeshi hilohilo lenye shirika la magari Kibaha. Nataka serikali inunue malori ya Nyumbu, hata hamsini tu, iyalete huku msimu wa korosho, yabebe magunia toka Ruangwa mpaka Mtwara. Yakiharibika, mafundi wa Nachingwea waandike kilichoharibika na Kibaha walazimike kusoma. Tukishindwa baada ya hapo, nitacheka na mimi.

Jana usiku mjomba kanitumia picha WhatsApp. Gari jingine, la bluu, liko bandarini. Anauliza kama kilometa 58,000 ni nyingi.