HARUFU HAIUI MIKROBE

Tunaomba ruhusa ya kusema juu ya mambo ambayo mutu hapendi kuyasoma mbele ya kula: matapishi, kuhara, na ndoo ya kusafishia. Sisi makapita wa internati tumezungumuza jambo hili mara nyingi usiku, nyuma ya taa kuzimwa, na tumeona si vizuri libaki kati yetu tu. Makuta ya kununua dawa ya kusafishia yanatoka kwa wazazi wa sisi wote, na muhula ujao Komite ya Wazazi itaketi tena pamoja na Bwana Prefe na Bwana Ekonome kwa kuchagua dawa gani inunuliwe. Tunataka neno letu lifike mbele ya siku ile.

Muhula uliopita, katika juma la tatu, mutoto mumoja wa dortuari ya wadogo alitapika usiku. Kesho yake wawili walianza kuhara, na mbele ya juma kuisha wakawa saba. Muganga wa dispensere aliwapa maji ya chumvi na sukari, akawaangalia, akasema si kolera, na wote walipona. Lakini tuseme sisi tulifanya nini. Tulikimbia kwa Bwana Ekonome, tukapata bidoni ya krezili, tukaimwanga sakafuni pote, hata juu ya matapishi yenyewe, kiisha tukafungua madirisha. Harufu ilifika mpaka barabarani. Muzazi mumoja aliyekuja kuona mutoto wake alisimama mulangoni, akavuta pumzi, akasema: «Sasa muko salama, iko nanuka kama ku hospitali!» Tulifurahi sana. Siku mbili nyuma yake watoto wengine wane wakaanza kukimbilia chooni.

Hatusemi krezili ndiyo iliwaletea ugonjwa. Tunasema tulinusa, tukaamini.

Wala krezili si kitu cha bure. Inatoka katika lami ya makaa ya mawe, na iko ndugu ya asidi feniki ambayo muganga Joseph Lister alianza kuitia kwa vidonda kule Glasgow mwaka wa 1865, na watu wengi waliopasuliwa wakapona ambao zamani wangekufa kwa usaha. Inaua bakteria nyingi. Kwa zizi la ng'ombe tunaisifu. Shida ni kwamba si mikrobe zote zinaiogopa, na zile zilizotushambulia muhula uliopita labda zilikuwa katika hizo zisizoogopa.

Mwalimu wetu wa biolojia alitueleza hivi kwa chaki. Virusi viko vya namna mbili. Kuna vyenye koti la mafuta, na kuna vilivyo uchi. Ebola iko na koti, korona ya mwaka wa 2019 iko na koti, virusi vya sida vilevile. Mutu angefikiri mwenye koti ndiye hodari. Hapana! Koti ndilo uzaifu wake, sababu mafuta yanapasuliwa na sabuni, yanapasuliwa na alkoli, na koti likipasuka virusi vimekwisha. Lakini vile vya uchi, kama polio, rotavirusi, norovirusi na ile ya epatiti A, havina koti la kupasuliwa. Alkoli mara nyingi inavisumbua kidogo tu, na krezili inavipata kwa taabu. Tena ni hivi vya uchi ambavyo mara nyingi vinaleta kutapika na kuhara katika fasi kama internati, ambako vitanda vinagusana.

Kloro haiangalii koti. Inachoma bakteria, inachoma virusi vya koti, inachoma na vya uchi kama imepewa kipimo na saa. Maji ya Javel ambayo mama zetu wanafulia nayo mashati meupe ni kloro. Jina hilo ni la fasi kando ya Paris, ambako watu walianza kuitengeneza karibu na mwaka wa 1789 kwa kufanya vitambaa viwe vyeupe, bila kujua hata kidogo habari ya mikrobe.

Na hapa tunapenda kuleta habari ya muganga mumoja, sababu inatugusa. Aliitwa Ignaz Semmelweis, alifanya kazi katika hospitali ya kuzalisha ya Vienna. Waganga na wanafunzi wao walikuwa wakitoka kupasua maiti, wanaenda moja kwa moja kuzalisha wanawake. Katika mwezi wa nne wa mwaka 1847, katika kila wazazi 100 wa upande ule, 18 walikufa kwa homa. Semmelweis aliamuru kila mutu anawe mikono katika maji ya kloro, na katika mwezi wa sita waliokufa walikuwa karibu 2 katika 100. Sasa ajabu ni hii: alichagua kloro sababu iliondoa harufu ya maiti katika vidole! Naye alifuata pua. Lakini kiisha alifanya kitu ambacho sisi hatukufanya: alihesabu. Aliandika wangapi wamezaa, wangapi wamekufa, mwezi kwa mwezi. Wakubwa wengi wa kazi yake walimukataa mpaka akafa mwaka wa 1865. Sisi katika dortuari hatukuandika hata kitanda gani kilianza.

Basi wengine watasema: vizuri, tununue kloro, mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Kloro nayo tunaiharibu. Mwaka uliopita tuliitumia majuma mawili, na hii ndiyo namna tulivyoitumia: tuliichanganya siku ya kwanza kwa ndoo ya chuma, tukaiweka uani juani bila kifuniko, tukaitumia mpaka siku ya kumi. Jua linaiua kloro, maji ya moto yanaiua, chuma kinakula kloro na kloro inakula chuma. Siku ya kumi tulikuwa tunapanguza vitanda kwa maji ya kisima.

Tena kuna uchafu. Kloro haina akili ya kuchagua. Ukiimwanga juu ya matapishi ao matope, inaanza kuchoma matapishi na matope, nguvu yake inaishia pale, na mikrobe iliyojificha chini inabaki. Kwa hiyo sabuni inapashwa kutangulia. Mutu anafunika matapishi kwa kitambaa ao majivu, anayatosha, anasugua fasi kwa sabuni na maji, anasukuza, na hapo ndipo kloro inakuja. Ikishakuja, inaachwa pale dakika kumi, fasi ikiwa imelowana, bila kupanguza. Dakika kumi ni nyingi kwa mutu anayetaka kwenda kucheza mupira, tunajua. Sisi wenyewe tulikuwa tunamwanga na kupanguza kwa mara moja, kama mutu anayemuosha mutoto anayelia.

Kipimo nacho. Kloro ya unga, ile inayoitwa HTH yenye nguvu ya 70 katika 100, muganga anaipima hivi: kwa fasi yenye matapishi, mavi ao damu, kijiko kikubwa cha supu, kilichosawazishwa si cha kilima, mara tano katika litre 10 za maji. Hiyo ni 0,5 katika 100. Kwa mikono, kijiko kimoja tu katika litre 20, maana yake 0,05. Kosa la kuchanganya ndoo hizo mbili ni baya kuliko tunavyofikiri, sababu ya kwanza inaunguza ngozi na ya pili haitoshi kwa kitanda cha mugonjwa. Ndoo mbili zinapashwa kuwa na rangi mbili. Kwa Javel ya chupa, mutu asome kwanza kikaratasi: kama nguvu yake ni 5 katika 100, ni kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji. Kama kikaratasi kimetoka ao hakikuandika nguvu, sisi tungesema isinunuliwe, hata bei ikiwa rahisi.

Tunajua wengine wetu ni watoto wa upande wa Beni na Butembo. Wanakumbuka vizuri miaka ya 2018 mpaka 2020, wakati wa Ebola. Tulikuwa wadogo, tuko masomo ya primere. Kila bariera tulinawa maji ya kloro, tukapimwa joto kwenye kipaji cha uso, na tulikasirika. Watu zaidi ya 2 200 walikufa katika ugonjwa ule, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Nyuma ya mambo kama yale, ni haya kwamba sisi, watoto tuliojifunza kunawa kloro mbele ya kujifunza kugawanya hesabu, leo hatujui ndoo ya kloro inakaa siku ngapi. (Siku moja. Asubui inatengenezwa, kesho yake inamwangwa.)

Kuna ndugu mumoja wa darasa letu, hatutamutaja, aliyeleta shauri la kutumia kanyanga, sababu ni alkoli. Tulicheka, lakini tulipeleka ulizo lake kwa mwalimu, na jibu ni zuri. Alkoli inafanya kazi vizuri karibu na 70 katika 100, na chini ya 60 nguvu inapunguka sana. Kanyanga haifikie pale. Na hata alkoli kali kabisa ya 95 iko zaifu kuliko ile ya 70, sababu maji kidogo yanahitajiwa ili ipenye na kuharibu protini ya mikrobe. Basi kanyanga ibaki huko inakobakia, na ndugu yetu atafute shauri lingine.

Sasa tunafika kwa neno lililotufanya kuandika. Katika internati yetu, kusafisha matapishi na choo ni azabu. Aliyechelewa ibada, choo. Aliyezungumuza katika etide, choo. Na anayegawanya azabu hizo ni sisi makapita, kwa hiyo tunajisema sisi wenyewe. Mutu aliyeazibiwa anafanya haraka, anafanya kwa hasira, hapimi, hangoji dakika kumi. Usiku mumoja katika siku zile za kuhara, tulimutuma mutoto wa mwaka wa kwanza, peke yake, na chupa ya Javel ndani ya choo. Hakuna aliyemwambia kwamba fasi ile ilikuwa imemwangiwa asidi ya kutosha madoa mchana ule. Javel na asidi zikikutana zinatoa hewa ya sumu. Na Javel juu ya mikojo mingi inatoa hewa mbaya vilevile. Mutoto alitoka akikohoa, macho mekundu, akaketi chini ya ukuta mpaka asubui, hakutuamsha kwa sababu aliogopa tutaongeza azabu. Alipona. Lakini mumoja wetu alipomuuliza kwa nini hakuita mutu, alijibu: «Niliona kama ni vile azabu inakuwaka.»

Neno hilo hatulisahau.

Kwa hiyo tunaomba Komite mambo machache, na tunafikiri si ya makuta mengi. Kilo moja ya kloro ya unga inatengeneza zaidi ya litre 130 za maji makali ya 0,5, na bidoni ya krezili haifiki huko. Inunuliwe kloro ya unga katika kopo lenye kifuniko, na kopo likae fasi kavu, mbali na mazutu ya groupe, sababu kloro ya unga na mafuta vinaweza kuwasha moto. Sabuni inunuliwe kwanza, mbele ya dawa yoyote, na kama makuta hayatoshi kwa vyote viwili, sisi tunachagua sabuni. Ndoo mbili za plastiki, glavu za mupira, kijiko kimoja kilichofungwa kamba ili kisitoroke kwenda refektuari.

Na jambo lingine, ambalo halina bei: tumekuwa tukiosha sakafu, na hakuna mutu anayelamba sakafu. Ni nani anaosha kitasa cha mulango wa choo? Ni nani anaosha robine? Ile kopo moja ya kunywea iliyofungwa kwa munyororo kando ya bidoni ya maji, ambayo watu zaidi ya mia moja wanaitia kinywani kwa siku moja, imepikwa lini katika maji ya moto? Kama Bwana Ekonome ataondoa kopo ile na kila mutu alete yake, atakuwa amefanya kazi kuliko bidoni tatu za krezili.

Kuhusu azabu, hatukungoja Komite. Tumekubaliana sisi makapita wanane, na Bwana Direktere wa Nizamu ameruhusu: tangu juma lijalo kazi ya ndoo ya kloro haitakuwa tena ya walioazibiwa. Juma la kwanza ni sisi wenyewe, wawili wawili, asubui mbele ya ibada. Daftari itawekwa kando ya ndoo, kwa kuandika saa ya kutengeneza maji, na jina la mugonjwa na kitanda chake kama kuna mugonjwa. Siku ya posho saa nane muganga wa dispensere atatuonyesha namna ya kupima, nyuma ya jiko, kwenye kivuli. Anayetaka kuona aje na kijiko chake. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanakaribishwa zaidi, na yule aliyekohoa tumemuomba yeye ashike saa.