Eti "Umeistahili"! Milima, Bia na Funguo za Gari

Jamani, leo nina la moyoni na nitalisema bila kuzunguka. Huu mtindo ulioingia kwa Waswahili wa hapa Denver na Aurora, wa kupanda mlima alfajiri, kumalizia kwenye kiwanda kidogo cha bia jioni, halafu kila mtu anawasha gari lake na kurudi nyumbani, utatumaliza. Mlima naupenda. Bia naipenda pia. Ugomvi wangu uko kwenye zile funguo.

Najua wapo watakaosema dada nesi ameokoka. Wala. Mimi ni mtoto wa Marangu, nimekulia kwenye harufu ya mbege, na mtu wa Marangu hawezi kushangaa akisikia mlima na pombe vinatajwa pamoja. Tutafika huko.

Kwanza, kwa mliopo Muscat, London au nyumbani ambao hamwelewi nazungumzia nini. Colorado ni jimbo la milima, na ni jimbo la bia. Vilele vyenye urefu wa zaidi ya futi 14,000 (yaani mita 4,267) viko zaidi ya hamsini, na kuna watu wanavihesabu kimoja kimoja kama mtu anavyohesabu tasbihi. Kuhusu bia, kiwanda cha kwanza kati ya hivi vidogo kilianza Boulder mwaka 1979, na leo karibu kila kamji kalichoko chini ya mlima kana chake. Pale Lyons, njiani kuelekea mlimani, ndiko Oskar Blues walikoanzia mwaka 1997, na mwaka 2002 wakaanza kuweka bia yao kwenye makopo wakati wenzao wakiona makopo ni ya bia za bei rahisi. Hata siasa za hapa zina povu: John Hickenlooper alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Wynkoop mwaka 1988, baa inayopika bia yake yenyewe katikati ya Denver, akawa meya 2003, gavana 2011, na mwaka 2021 akaingia Seneti. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba huku mlima na bia ni mtu na ndugu yake, hakudanganyi.

Sasa lile neno linaloniudhi. "Umeistahili." Utalisikia kwenye maegesho mara tu mtu anapovua buti. Umepanda, umeshuka, umeistahili bia. Kama vile ini lako lilikuwa limesimama kileleni likipiga makofi!

Tuchukue siku yenyewe ilivyo. Mnataka Longs Peak, mita 4,346. Kiangazi huku radi hupiga vilele mchana, kwa hiyo kila anayeujua mlima atakwambia uwe umeanza kushuka kabla ya saa sita. Maana yake mnaamka saa saba usiku Aurora, mnaanza kupanda saa tisa, mnatembea kilomita 23 hivi kwenda na kurudi, na ikifika saa kumi jioni mko chini, miguu inatetemeka. Saa kumi na moja mko kiwandani. Saa kumi na mbili mnaondoka. Hesabu: mmekuwa macho saa 17. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo yanayoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Sisi wa zamu za usiku hatukuhitaji kuambiwa, tunajijua tunavyofungua mlango wa gari la jirani asubuhi. Yaani huyo dereva wenu ameshalewa kabla hajaletewa glasi!

Hapo juu yake weka tumbo tupu. Weka na ukosefu wa maji, maana hewa ya juu ni kavu na unahema haraka, kila pumzi inatoka na maji. Halafu unaongeza pombe, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia ile homoni inayoziambia figo zibakize maji. Ndiyo maana mnakojoa kila baada ya dakika kumi halafu mnasema bia inakata kiu. Na kuna hili linalonitisha zaidi kama muuguzi: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuyumba. Hizo ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Hizo hizo ni dalili za pombe. Mtu aliyekunywa akianza kuyumba wenzake wanacheka, wanampiga picha. Asiyekunywa akiyumba, wanamteremsha na kumtafutia msaada.

"Lakini dada, mimi huwa naonja tu." Haya, tuonje. Huko wanakuletea kibao chenye glasi nne ndogo, kila moja kama mililita 150. Kinapendeza, kinaonekana kama cha watoto. Nne ni mililita 600. Bia za huku si kama Safari au Tusker, nyingi ni asilimia 7, 8, hadi 10. Chukua 8. Umekunywa karibu gramu 38 za pombe halisi. Kipimo kimoja cha Wamarekani ni gramu 14. Kwa hiyo "kuonja" kwako ni karibu bia tatu za kawaida, na ini linasafisha takriban moja kwa saa. Halafu mbele yako kuna barabara namba 36 inayoteremka kwa makona kutoka Estes Park, na swala wakubwa kama ng'ombe wanavuka wanapotaka. Kuonja gani huko?

Mtasema mbona Wazungu wanafanya. Wanafanya, na wengine wanakufa, na wengine wanaua. Lakini hata tukiyaacha mauti pembeni, wewe na huyo Mzungu hamchezi mchezo mmoja. Yeye akikamatwa atalipa faini, atalipa wakili, atapanda basi miezi kadhaa, basi. Wewe una makaratasi. Colorado kosa kamili la kuendesha umelewa ni asilimia 0.08, lakini kuanzia 0.05 tayari wanaweza kukushtaki kwa kosa la kuendesha uwezo wako ukiwa umepungua. Na tangu mwaka 2015 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inaweza kuifuta viza yako kwa sababu tu umekamatwa, hata kabla hakimu hajafungua faili. Kwa wanaosubiri uraia, uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa mwaka 2019 unasema ukitiwa hatiani mara mbili ndani ya kipindi kinachoangaliwa, unahesabiwa huna mwenendo mwema mpaka wewe ndiye uthibitishe vinginevyo. Na wauguzi wenzangu, ambao kwenye msafara huu tupo wengi, tunajua leseni zetu zina fomu, na fomu ina swali. Miaka ya kubeba boksi, kulipia mitihani, kutuma hela nyumbani... vyote kwenye kibao cha glasi nne.

Sasa Marangu. Nilipokuwa mtoto mbege ilipikwa hapo hapo chini ya mlima: ndizi mbivu zikachemshwa, ulezi ukaoteshwa na kusagwa, msesewe ukatiwa kuleta ule uchungu. Hicho ni nini kama si kiwanda kidogo cha bia ya kienyeji? Wazee walikunywa kwa kata mpaka jua linazama. Halafu wakatembea kwa miguu kurudi nyumbani kupitia migombani. Baba yangu mdogo aliangukia kwenye mfongo usiku mmoja, akachubuka goti, akaimba hapo hapo mpaka wakaja kumtoa. Hakumgonga mtoto wa mtu. Hata mtalii anayeshuka Kilimanjaro leo hukutana na bia baridi kwenye lango la Mweka, lakini anapanda gari la kampuni na dereva wake hajagusa kitu. Mlima na pombe vimekaa pamoja miaka na miaka kwa sababu aliyekunywa hakuwa ameshika usukani. Huku wamechukua mlima, wamechukua pombe, wakaweka maegesho ya magari mia katikati. Na sisi tumenakili, hadi maegesho.

Halafu ile tabia ya kumtafuta "dereva wa leo" na kila mara ni yule yule: dada anayesali, au Muislamu mmoja kwenye kundi. Mnamchekesha njia nzima, mnamwachia kutapika kwenu na mafuta ya gari. Huyo naye alipanda mlima. Huyo naye ameamka saa saba usiku. Usingizi wake hamuuoni kwa sababu hanywi.

Kuna basi, jamani. Bustang, la jimbo lenyewe, linatembea tangu 2015 kutoka Union Station hadi Frisco. Pale Frisco njia ya kupanda Mount Royal inaanzia pembeni ya mji, kilele kiko kama mita 3,200, unashuka kwa miguu mpaka kwenye bia, na viwanda vipo. Anayetaka Longs Peak alale Estes Park, mkigawana chumba watu wanne haifiki hata bei ya saa moja ya wakili. Asiyetaka kulala, viwanda vingi siku hizi vina bia isiyo na kilevi, na picha inatoka vile vile.

Jumamosi hii sina zamu. Nitakuwa Union Station asubuhi, basi la kwanza la kwenda Frisco, nina mfuko mwekundu mgongoni. Atakayekuja na tiketi ya basi ya kwenda na kurudi, glasi ya kwanza nalipa mimi.