Daktari Asipokupa Dawa

Muhula huu, mafua yalipoingia mabwenini, tuliyasikia tena maneno tuliyoyazoea: "Nimekwenda zahanati, nimepewa Panadol tu." Neno hilo "tu" ndilo lililonitia hamu ya kuandika. Msemaji huona amedhulumiwa. Alikwenda akitaka rangi mbili, yaani vile vidonge vya ganda la rangi mbili ambavyo kila mtu avijua, naye akarudi bila kuvipata. Kabla ya kengele ya kulala ameshapewa vinne na rafiki yake, navyo ni mabaki ya dozi ya rafiki huyo aliyeugua mwezi uliopita. Wazazi nao, wajapo kututembelea, huuliza kwa nini shule haitoi dawa ya maana.

Mimi naona kwamba mhudumu wa zahanati alifanya kazi yake sawasawa. Naona tena kwamba sisi wagonjwa, watoto kwa wazazi, ndio tunaowasukuma waganga kuandika dawa ambazo wao wenyewe wajua hazina kazi.

Amoksilini, penisilini na jamaa zake huitwa viuavijasumu, au antibiotiki kama wasemavyo wengi. Kazi yake ni kuwaua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Mafua huletwa na virusi, na virusi ni kitu kingine kabisa. Amoksilini humshambulia bakteria anapojenga ukuta wa mwili wake. Kirusi hakina ukuta huo, basi dawa haina pa kushika. Kidonge kikishamezwa huwaua bakteria wema waliomo tumboni mwetu, pengine huleta kuharisha au vipele, na mafua hubaki vile vile. Baada ya wiki moja mafua hupoa, kama ambavyo yangepoa kwa uji wa moto na usingizi, na mgonjwa hukisifu kidonge. Ndivyo imani yetu ilivyozaliwa.

Je, magonjwa ya virusi ni mengi kiasi gani kwetu? Mwaka 2008 wataalamu waliwapima kwa uangalifu watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Watoto 70 kwa mia walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa 22 kwa mia, na wenye vimelea kama vya malaria 11 kwa mia. (Msomaji hodari wa hesabu ataona jumla yapita mia, ni kwa kuwa wengine walikuwa na magonjwa mawili kwa pamoja.) Basi kati ya watoto 10 wenye homa, antibiotiki zingalikuwa na kazi kwa wawili hivi.

Sasa tutazame waganga huandika nini. Katika vituo 40 vya afya vya mikoa ya Mbeya na Morogoro lilifanywa jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2024. Waganga wa nusu ya vituo walipewa kishikwambi chenye programu ya kuwaongoza: uliza hili, pima lile, kisha amua. Wengine waliendelea na desturi yao. Katika vituo vya desturi, watoto 70 kwa mia waliandikiwa antibiotiki. Katika vile vya kishikwambi waliandikiwa 23 kwa mia, na watoto hao hawakukosa kupona kuliko wenzao. Kumbe wengi wa wale walioongezewa vidonge hawakuongezewa chochote cha afya.

Kwa nini basi mganga huandika? Mfikirie alivyokaa. Foleni imefika mlangoni, vipimo ni vichache, na mbele yake ameketi mama aliyelipa nauli na kuacha biashara yake siku nzima. Akimwambia, "Mama, mtoto atapona mwenyewe," mama huona amefanyiwa mzaha. Atatoka pale aende moja kwa moja duka la dawa. Kwa kanuni duka lisiuze dawa hizi bila cheti cha daktari, lakini sote twajua jinsi zinavyopatikana kwa urahisi. Mganga huyajua hayo yote, naye huandika ili apate amani.

Tusidhani udhaifu huu ni wa nchi maskini peke yake. Huko Uingereza kila mtu huandikishwa kwa daktari wa mtaa wake, wala mtu hawezi kununua antibiotiki dukani kwa kutaka tu. Hata hivyo madaktari wa huko nao hulemewa na maombi ya wagonjwa. Mwaka 2014 Mganga Mkuu wa Serikali wa wakati ule, Dame Sally Davies, aliwaandikia barua baadhi ya madaktari wa mitaa waliokuwa wakiandika antibiotiki kupita kiasi, akiwajulisha kwamba zahanati 80 kwa mia za eneo lao huandika chache kuliko wao. Barua tu, bila adhabu wala faini! Katika miezi sita dawa walizoandika zilipungua kwa 3 kwa mia na ushei, ambayo ni yapata vyeti 73,000.

Madaktari wa huko wana hila nyingine ninayoipenda zaidi. Daktari humpa mgonjwa cheti, kisha humwambia asichukue dawa leo. Angoje siku kadhaa, na akiona hapati nafuu au anazidiwa, hapo aende akaichukue. Wengi hawafiki dukani, kwa kuwa ugonjwa huwa umekwisha kabla.

Huenda mtu akauliza: hata ikiwa kidonge hakisaidii, kinamdhuru nani? Wengi husema mwili "huzoea" dawa. Sivyo. Anayezoea ni bakteria, na bakteria hahami na mtu mmoja hata kaburini; huhama kutoka mkono hadi mkono na kitanda hadi kitanda. Kila dozi isiyo na kazi huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Yule aliyemeza vidonge vinne vya rafiki yake aweza kuwapa bakteria wake sugu mwenziwe wa kitanda cha juu, ambaye hajameza kitu mwaka mzima.

Jambo hili halikuwa siri tangu mwanzo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa mfano wa bwana mmoja wa kubuni mwenye maumivu ya koo. Bwana huyo ajinunulia penisilini na kutumia kidogo, awafundisha vijidudu kuistahimili, kisha amwambukiza mkewe, na mke afa kwa kichomi ambacho dawa haikuweza tena kukitibu. Wengine walicheka labda. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Nisifahamike vibaya. Sisemi dawa hizi ni mbaya. Zimewaokoa wengi wetu tungali wachanga. Mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa saa, akiwa ametulia: aliye na miezi miwili hadi kumi na mmoja akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huenda ana kichomi, na apelekwe kwa mganga siku ile ile. Tena, habari ya koo kwetu si kama ilivyo Uingereza. Koo lililoshikwa na bakteria waitwao streptokokasi, lisipotibiwa, laweza kuleta homa ya baridi yabisi ambayo huharibu vali za moyo, na maradhi hayo bado yangaliko Afrika katika umri huu wetu wa shule. Mwenye homa, usaha kooni na tezi za shingo zinazouma, asiye na kikohozi wala mafua, huyo astahili penisilini, na aimalize kama alivyoandikiwa. Ni kwa ajili ya huyu hasa kwamba nataka mganga aachiwe nafasi ya kumnyima mwingine.

Kwa hiyo twendapo zahanati, badala ya kuuliza "Dawa iko wapi?" tuulize maswali mawili: ugonjwa huu hukaa siku ngapi, na nikiona dalili gani nirudi mbio? Majibu ya swali la kwanza ni mafupi, wala hayahitaji maabara. Sikio likiuma, kwa kawaida hupoa kwa siku 3, pengine wiki. Koo ni wiki moja hivi. Kikohozi baada ya mafua chaweza kukaa wiki 3 hata 4, jambo ambalo karibu hakuna anayelijua, na ndiyo sababu watu hurudi siku ya tano wakidai dawa kali zaidi.

Naomba uongozi wa shule uruhusu maneno hayo yaandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa penye benchi la kungojea, pamoja na sanduku dogo la kutilia mabaki ya vidonge yaliyomo katika matranka yetu. Kazi hiyo yaweza kumalizika kabla ya siku ya wazazi muhula ujao, nao wayasome wakipita.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita