Redio Mbovu Ifikishwe Darasani

Wanafunzi wengi wa sekondari huweza kukokotoa ukinzani wa saketi bila kosa, ilhali hawajapata kushika rezista hata moja. Hali hiyo haifai kuendelea. Katika mji kama Tukuyu, penye fundi redio hapakosi rundo la redio zilizoshindikana, na ndani ya kila moja zimo sehemu tatu za msingi za somo la umeme: rezista, kapasita na koili.

Sehemu hizi haziwezi kukuza mkondo kama ifanyavyo transista. Rezista huuzuia mkondo na kugeuza nishati kuwa joto. Kapasita hulimbikiza chaji na kuirudisha. Koili huhifadhi nishati katika uga wa sumaku na hupinga badiliko la mkondo. Koili iliyozungushwa kwenye ufito wa feriti, ikishirikiana na kapasita inayorekebishwa kwa kitufe, ndiyo humwezesha mkulima wa chai wa Katumba kuchagua kituo kimoja cha masafa ya kati na kuviacha vingine.

Tuchukue rezista yenye mistari ya kahawia, nyeusi, nyekundu na dhahabu. Mistari mitatu ya kwanza husema omu 1,000. Mstari wa dhahabu huongeza kwamba thamani halisi yaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani kati ya omu 950 na 1,050. Mwanafunzi akipima na kupata 1,035, hakukosea. Amejifunza kwamba kila thamani katika sayansi ina mipaka ya usahihi. Hesabu ya ubaoni haimfunzi hayo.

Kisha aunge rezista ya omu 10,000 na kapasita ya maikrofaradi 1,000 kwa mfuatano, atumie mawe manne mapya ya tochi, yaani volti 6, na kuangalia ncha hasi ya kapasita isigeuzwe. Baada ya sekunde 10 volti za kapasita zitakaribia 3.8. Zikifika huko mapema mno, huenda kapasita imekauka kwa joto na umri, na uwezo wake umepungua. Hapo mwanafunzi ametambua ugonjwa wa redio kwa saa ya mkononi na mita.

Wako watakaosema kwamba vifaa vya zamani havitegemeki. Kweli, na hapo ndipo penye somo. Rungwe ni wilaya ya mvua nyingi. Unyevunyevu huotesha kutu ya kijani kwenye shaba. Mwanafunzi anayetafuta chanzo cha hitilafu hiyo hufikiri kuliko anayenakili mchoro usio na kasoro. Haya hayaiondolei serikali wajibu wa kuleta vifaa vipya. Yanatuondolea sisi walimu kisingizio cha kungoja.

Sharti moja lisivunjwe: zichaguliwe redio za mawe tu. Vyombo vya umeme wa volti 230, na hasa televisheni, visifunguliwe na wanafunzi, kwani kapasita kubwa yaweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tuunganishe shule na kazi za jamii. Basi mwalimu wa fizikia na amwendee fundi wa mtaani kwake, amwombe redio mbili zilizoshindikana, na amkaribishe maabara.